Tumbo la Timotheo

Somo: 1 Timotheo 5:23



Mstari huu hauhubiriwi mara nyingi. Watu huutaja wanapobishana habari za kunywa divai, kisha huuacha. Sisi leo tuyaache mabishano hayo, tuutazame kwa ajili ya mtu aliyeandikiwa. Timotheo alikuwa na tumbo lisilo na afya, na magonjwa yake yalimrudia mara kwa mara. Jambo hili limo katika Maandiko Matakatifu, wala halikuandikwa bure.

Fikirini ni nani anayeandika. Ni Paulo, ambaye Luka ashuhudia habari zake katika Matendo 19, ya kuwa huko Efeso hata leso na nguo zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa, nao wakapona. Tena fikirini Timotheo alikuwa wapi alipoandikiwa. Tukisoma sura ya kwanza ya waraka huu twaona kwamba alikuwa katika mji uo huo wa Efeso. Basi leso ziliwafikia wagonjwa ambao hata majina yao hatuyajui, wakaponywa. Lakini mwana mpendwa wa Mtume, katika mji ule ule, alibaki na tumbo lake.

Paulo amwambia nini? Hamwambii kwamba imani yake ni haba. Hamwulizi ni dhambi gani aliyoificha. Wala hamwambii aache kazi mpaka apone. Ampa shauri la kinywaji, kama baba ampavyo mwanawe, kisha aendelea na habari za kazi ya kanisa. Wapendwa, katika mambo hayo matatu imo hekima kubwa kwetu tunaokaa na wagonjwa wasiopona.

Ugonjwa wa mkate

Katika siku zetu uko ugonjwa wa tumbo ambao wengi katika sharika zetu hawajausikia, nao huitwa seliaki. Jina hili latokana na neno la Kiyunani koilia, maana yake tumbo. Tabibu Aretaeus wa Kapadokia alieleza ugonjwa wa namna hii katika karne za kwanza baada ya Kristo. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliandika habari za watoto waliokondeshwa nao, akasema ya kuwa kama kuna kupona, kutatokana na chakula. Lakini hakujua ni chakula kipi kinachodhuru.

Aliyetambua alikuwa Willem Karel Dicke, daktari wa watoto katika nchi ya Uholanzi. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akiushuku mkate wa ngano. Kisha katika majira ya baridi ya 1944 hata 1945, wakati wa vita, Waholanzi walipatwa na njaa kuu, hata wengine wakala mizizi ya maua. Watu maelfu walikufa. Lakini watoto wenye ugonjwa huu, walipokosa mkate, walipata nafuu. Na mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 Dicke aliyaeleza mambo hayo katika andiko lake la Chuo Kikuu cha Utrecht, na tangu hapo waganga walijua la kufanya.

Sasa yajulikana kwamba katika ngano, katika shayiri, na katika rai, nafaka inayolimwa sana katika nchi za baridi za Ulaya, imo protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano unate na kuvutika unapokandwa. Kwa mtu mwenye seliaki, gluteni ikiingia tumboni, askari wa mwili, ambao Mungu amewaweka ili wapigane na maradhi, huugeukia mwili wenyewe. Utumbo mwembamba umetandazwa ndani vinyuzi vidogo sana, kama kitambaa cha mahameli, na kazi ya vinyuzi hivyo ni kunyonya chakula. Vikipigwa na askari hao hulala na kusawazika. Ndipo mtu hula, lakini mwili wake haushibi. Huharisha, tumbo humjaa, damu humpungua, mifupa hudhoofika. Na mtoto hakui.

Katika nchi nyingi yakadiriwa kwamba mtu kama 1 katika kila 100 anao. Na huko Ufini, nchi ya ndugu zetu Walutheri, kama 2. Wala si ugonjwa wa Wazungu peke yao. Mwaka 1999 ulichapishwa uchunguzi wa watoto wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi katika bara letu hili, ikaonekana kwamba zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao.

Tiba yake ni kuacha nafaka hizo kabisa, siku zote za maisha. Kwa walio wengi tiba hiyo yatosha: baada ya majuma au miezi, mtu hupata nguvu. Lakini wako wagonjwa wanaolishika sharti hilo kwa bidii, na tumbo lisitulie. Yasemwa kwamba idadi yao huweza kufika 30 katika kila 100. Hao ndio ndugu wa Timotheo, nami nataka kunena kwa ajili yao.

I. Tusiwe kama rafiki za Ayubu

Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba, maana waliketi naye chini wakanyamaza. Walipofungua vinywa vyao ndipo walipokosa. Hesabu yao ilikuwa rahisi: mtiifu hupona, na asiyepona si mtiifu. Kwa hiyo wakamchunguza Ayubu ili waone kosa lake, na walipokosa kuliona, walilibuni.

Hesabu hiyo haijafa. Mama aliyeambiwa aache ngano akaiacha, na baada ya mwaka bado amekonda, huanza kusikia minong'ono. Mmoja asema, “Hula chapati kwa siri.” Wa pili asema, “Amerogwa.” Wa tatu, ambaye ni hatari kuliko wote kwa kuwa hutaja jina la Yesu, asema, “Angekuwa na imani angetupa masharti ya waganga, angekula kila kitu kwa kushukuru, naye asingedhurika.” Mama yule huenda nyumbani na mizigo miwili: tumbo lake, na maneno yetu. Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Wanafunzi walipomwona kipofu katika Yohana 9 walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa swali lenyewe. Basi mwalimu wa Injili asiulize swali alilolikataa Bwana wake. Na kwa yule asemaye mgonjwa atupe sharti lake ili aonyeshe imani, tumjibu hivi: Shetani naye alimwambia Bwana Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu ili aonyeshe imani, naye Bwana alikataa kumjaribu Mungu. Sharti la chakula ni zawadi ya Mungu kwa mwili ule, kama ile divai kidogo kwa Timotheo. Kulitupa si imani.

II. Tutafute sababu kwa upole

Pengine mtu atasema, “Je! tunyamaze tu?” La. Paulo hakunyamaza, alitoa shauri. Tena ni kweli kwamba mara nyingi sababu ya mgonjwa huyu kutopona ni gluteni anayoila asijue. Wahenga walisema, “Mgonjwa haulizwi uji.” Lakini mgonjwa huyu yatupasa tumwulize, tena tumwulize uji wa unga gani. Mahindi, mchele, ulezi, mtama, mhogo, viazi na ndizi havina gluteni. Lakini ulezi ukisagwa katika mashine iliyotoka kusaga ngano, vumbi la ngano limo ndani yake. Unga wa lishe wa dukani mara nyingine umechanganywa na ngano. Mchuzi waweza kuwa umetiwa unga ili uwe mzito. Viazi vyaweza kukaangwa katika mafuta yaliyokaanga maandazi. Bia na vinywaji vingine hutengenezwa kwa kimea cha shayiri. Kanuni za chakula za mataifa zilizowekwa mwaka 2008 zataka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisiwe na zaidi ya miligramu 20 katika kilo 1. Hata mfanye hesabu wenyewe jinsi makombo machache yanavyoweza kumrudisha mtu kitandani. Bwana alisema habari za chachu kidogo iliyofichwa katika unga, na kila mpishi ajua kazi yake. Gluteni nayo hufanya kazi kwa siri namna iyo hiyo.

Kwa hiyo tutafute. Lakini kutafuta makombo katika sufuria si sawa na kutafuta hatia katika moyo wa mtu. Anayetafuta makombo huja na kitambaa na maji, akasema, “Mama, tuoshe sufuria hii pamoja.” Anayetafuta hatia huja na mikono mitupu.

Tena si wote waliokosea katika chakula. Kwa mtu mzima vinyuzi vya utumbo huchelewa kuinuka. Katika uchunguzi mmoja wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, baada ya miaka 2 ya kushika sharti ni theluthi moja tu ya watu wazima walioonekana utumbo wao umepona. Baada ya miaka 5, theluthi mbili. Wengine wana ugonjwa wa pili uliojificha nyuma ya ule wa kwanza: sukari ya maziwa huwasumbua, au vijidudu vimezidi katika utumbo mwembamba, au kongosho haifanyi kazi yake vema. Na wako wachache ambao baada ya mwaka mzima wa utii mkamilifu, na sababu nyingine zote zikiisha kutafutwa, vinyuzi vyao bado vimelala. Ugonjwa wao waganga huuita seliaki kaidi. Hao huhitaji dawa za kuwatuliza askari wa mwili. Na baadhi yao wamo katika hatari kubwa, maana seliaki ya namna hiyo yaweza kuzaa saratani.

Mwaona basi, wapendwa, ubaya wa kumhukumu mgonjwa. Mtu akiisha kuambiwa kwamba kosa ni lake huona haya, na mwenye haya harudi hospitali. Hukumu zetu zaweza kumzuia mtu asitafutiwe ugonjwa ambao ungeweza kutibiwa. Mwalimu mwema atamwambia mgonjwa wake, “Rudi kwa daktari, mweleze yote, nami nitakwenda pamoja nawe.” Tena atamwonya asiseme, “Nimelishika sharti bure, sasa nitakula kama wengine.” Mtu asiyepona kwa kuacha ngano hatapona kwa kuirudia.

III. Mkate wetu wa kila siku

Sasa tuulize neno gumu. Mtu huyu aombaje Sala ya Bwana? Kila siku twaomba mkate, na mkate ndio unaomdhuru. Je! Baba yake wa mbinguni ampa nyoka alipoomba samaki?

Tuifungue Katekisimo Ndogo. Dr. Martin Luther, alipoeleza ombi la nne, hakusimama kwenye ngano. Chini ya neno mkate alihesabu kila kitu cha kuutunza mwili huu: chakula na kinywaji, mavazi na viatu, nyumba na shamba, jamaa wa nyumbani, serikali njema, amani, afya, rafiki wema na majirani waaminifu. Basi mtu asiyeweza kula mkate bado anaomba mkate. Ugali wake ni mkate. Ndizi zake ni mkate. Daktari mvumilivu ni mkate. Na jirani anayeosha chungu chake kabla ya kumpikia, naye ni mkate wake wa kila siku, aliyetumwa na Mungu kwa jina na kwa miguu miwili.

Hapa ombi hili latugeukia sisi. Yawezekana ndugu yetu ameomba mkate, na Mungu amemjibu kwa kutuweka sisi karibu naye, nasi tumekuwa jiwe. Tumewaalika watu arusini tukasahau sahani yake. Tumeona choyo anapokataa andazi letu, tukasema ana kiburi. Paulo aliwaandikia Warumi katika sura ya 14 habari za watu wanaokula na wasiokula, akawaonya wasimharibu kwa chakula ndugu ambaye Kristo alimfia. Aliyanena kwa ajili ya dhamiri. Lakini pendo linalojali dhamiri ya ndugu litajali na tumbo lake.

IV. Katika Meza ya Bwana

Lipo jambo moja ambalo wazee wa kanisa na walimu hawana budi kuliangalia. Mkate wa Chakula cha Bwana kwa desturi hutengenezwa kwa ngano. Mtu mwenye seliaki, hasa yule asiyepona, hawezi kuula pasipo kuumia. Asipopata msaada atakaa nyuma, na washarika watadhani amefungiwa au ana kinyongo. Hivyo atakosa dawa ya roho kwa sababu ya ugonjwa wa mwili.

Katika sharika za Kilutheri za Ufini na Uswidi imekuwa desturi kuwa na mkate mdogo usio na gluteni. Sisi nasi twaweza. Mgonjwa na amwambie mchungaji mapema, na mchungaji aamue, mtu asijitungie desturi yake mwenyewe. Mkate huo uwekwe katika sahani yake, mbali na ule mwingine. Mikono inawe kabla ya kuugusa. Na mgonjwa anywe katika kikombe kabla makombo hayajaanguka ndani. Kazi yote hiyo ni ya dakika chache.

Wala mtu asione shaka. Katekisimo yafundisha ya kuwa kula na kunywa peke yake hakufanyi mambo hayo makuu, bali Neno la Bwana lililo pamoja nako, lisemalo kwamba mwili na damu yake vimetolewa kwa ajili yetu. Meza ile ni ya wenye njaa. Tusiruhusu chembe ya ngano imfungie mlango mtu ambaye Bwana amemwita.

Neno kwa mgonjwa mwenyewe

Na sasa wewe, ndugu yangu, wewe dada yangu, uliyelishika sharti na hukupona. Sisi Walutheri tumefundishwa kutofautisha Sheria na Injili. Sharti lako la chakula lafanana na Sheria: ni jema, ni la lazima, nawe ulishike. Lakini halina uwezo wa kukupa uzima. Ukilihesabu kuwa ndilo mwokozi wako, basi kila maumivu yatakushtaki, nawe utakesha usiku ukijiuliza ulikosa wapi, katika kijiko gani, katika kombo gani. Acha kujihukumu. Ukiwa umefanya lililokupasa, umelifanya. Na yaliyosalia si deni lako.

Kupona kwako si ujira wa utii, na kuugua kwako si mshahara wa uasi. Mtume mwenyewe alimwomba Bwana mara tatu aondolewe mwiba katika mwili wake, nao haukuondolewa. Alichopewa ni ahadi kwamba neema ya Bwana yamtosha, na kwamba nguvu za Kristo hukaa juu ya aliye dhaifu. Alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa, naye haandiki neno la kumlaumu. Na Bwana Yesu, aliye mtiifu kuliko wote, aliomba kikombe kimwondokee, nacho hakikuondoka. Kama utii ungekuwa kinga ya mateso, msalaba usingalikuwapo.

Wala usidhani kwamba kanisa halina kazi kwako. Timotheo aliliongoza kanisa la Efeso na tumbo lake bovu. Mwaka 1537, huko Schmalkalden, Dr. Luther alipatwa na ugonjwa wa mawe hata akakaribia kufa. Maradhi hayakumwacha mpaka mwisho wake mwaka 1546, naye hakuacha kuhubiri na kuandika. Fanya uwezalo siku uwezayo. Siku usiyoweza, lala, na sisi tufanye kwa ajili yako.

Twaungama katika Imani yetu kwamba twaamini ufufuo wa mwili. Huu wenye utumbo uliochoka. Bwana aliyeuumba ataufufua, na karamu aliyotuandalia haitamdhuru aliyealikwa.

Tuombe: Baba wa mbinguni, twakushukuru kwa mkate, na kwa kila kitu unachotupa mahali pa mkate. Uwaangalie wagonjwa wako walioshika masharti wasipone. Uwape waganga wao hekima, na jamaa zao uvumilivu. Ufunge vinywa vyetu tunapotaka kuhukumu, ufungue mikono yetu tupate kusaidia. Utushibishe sote kwa Mwanao, hata siku ile tutakapoketi mezani pako bila maumivu. Kwa Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.